Kagua Kazi Yangu, Ayikoru

Ayikoru binti yangu,

Nimekaa kwenye meza ya karakana, nimesukuma koleo na vipande vya bomba pembeni, na vidole vyangu vina mafuta ya kompresa, kwa hiyo ukiona alama nyeusi kwenye karatasi hii ujue ndiyo sahihi yangu. Wewe umetoka na shangazi yako kwenda kuaga kwaya. Kesho asubuhi unapanda gari la Koboko, na mimi leo kutwa sikutulia. Nimefagia karakana ambayo haikuwa chafu. Nimefungua sanduku lako la vifaa, nimegusa kila bisibisi, nimelifunga, nimelifungua tena. Baba yako ameniuliza kama ni mimi ninayesafiri. Nimemjibu kwamba ningekuwa mimi, saa hizi ningekuwa nimeshafika.

Binti yangu anakwenda kuwa mkaguzi! Ngoja niliandike tena nilione vizuri: mkaguzi wa mitambo ya baridi na joto. Si msaidizi wa fundi, si yule wa kushika ngazi. Wewe ndiye utakayesema mashine hii ifanye kazi na ile isimame. Mimi nimeshika geji ya kupimia gesi tangu kabla hujaota meno na hakuna hata siku moja aliyeniita mkaguzi. Wananiita Mama Fundi, na wengine nikifika na sanduku langu huchungulia nyuma yangu kuona fundi mwenyewe yuko wapi.

Najua majirani wanatucheka. Jana mmoja amesimama mlangoni akasema, "Koboko tu? Mimi nilifikiri munapeleka mutoto Ulaya!" Mwache acheke. Kweli kutoka hapa Arua Koboko ni pale tu, lami inakufikisha kabla njaa haijauma. Lakini mtu akilala mahali ambapo simsikii akikohoa, kwangu mimi amesafiri.

Habari za chandarua na maji ya kuchemsha sitaandika. Shangazi yako amekuhubiria mpaka hata mimi nimeshika kwa moyo. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya karakana hii: Kilugbara ni cha baba yako, Kikakwa ni changu, na kompresa ikigoma sote wawili tumeitukana kwa Kiswahili. Na nakuandikia kwa ajili ya jambo moja, ambalo nimeshindwa kukuambia uso kwa uso tangu Jumapili.

Jumapili baada ya chakula nilikuwa napita nyuma ya dirisha la jikoni na beseni la nguo. Nikakusikia unamwambia baba yako, "Baba, ile vyumba ya chini mimi hapana kagua. Nitafanya ya juu, halafu nitaambia Hajji alete mutu ingine kwa ile ya mama."

Baba yako akauliza, "Kwa nini? Kazi ya mama yako iko mubaya?"

"Sijui kama iko mubaya. Ndiyo shida. Sasa nikikuta iko mubaya, nitaandika namna gani? Mutu anaandika mama yake?"

Baba yako akakohoa, kama anavyokohoa siku zote akitaka kukimbia swali. "Ongea na yeye."

"Hapana, baba. Iko aibu."

Nilisimama pale na beseni mpaka maji ya nguo yakanilowesha miguu. Sitakudanganya, kwanza nilichomwa. Nikasema moyoni, kumbe huyu mtoto anadhani nimefanya ovyo! Ile nyumba ya Hajji Rajab huko Koboko, kwenye barabara ya Oraba, ni fahari yangu. Vyumba vya kulala wageni vya juu, na hita za maji na mashine za upepo, waliviweka watu wa kutoka Kampala. Lakini vyumba baridi vya chini, kile cha samaki, kile cha nyama na kile kidogo cha dawa, nilivifunga mimi kwa mikono hii. Wiki ijayo wafanyabiashara wanaovusha mizigo mpakani kwenda Kaya na Juba wataanza kuweka mali yao humo, na Hajji amesema hafungui mlango mpaka jengo zima likaguliwe kwa viwango vya kazi yetu, tena na mtu aliyesomea. Mtu huyo ni wewe. Na wewe unataka kuacha nusu ya jengo kwa sababu ya heshima yangu.

Halafu nikiwa naanika nguo nikacheka peke yangu. Maana ni nani aliyekufundisha heshima ya namna hiyo? Si mimi?

Huenda umesahau, ila mimi sijasahau. Ulikuwa mdogo, huna meno ya mbele. Tulikwenda Koboko kwenye ubatizo wa mtoto wa mjomba wako Lomoro. Mjomba alikuwa amenunua friji kuukuu kutoka Kaya, ameitengeneza mwenyewe bila kuniuliza, ameijaza soda, na ametangazia wageni wote kwamba leo wanakunywa baridi ya mjini. Chupa ya kwanza ukapewa wewe, mtoto wa dada yake aliyetoka Arua. Ukapiga funda moja. Ukasema kwa sauti ambayo hata padri aliisikia, "Mjomba, hii friji yako iko nachemsha soda."

Watu walicheka mpaka viti vikaanguka. Mimi sikucheka. Nilikufinya, nikakuvuta pembeni, nikakurudisha mbele ya mjomba, nikakupigisha magoti ukasema, "Nisamehe, mjomba, soda iko baridi." Kisha nikapewa ya kwangu. Ilikuwa ya moto kama chai, Ayikoru. Nikainywa yote nikasema, "Asante, kaka, iko baridi sana." Mimi, fundi wa mafriji, nilisema hivyo mbele ya ukoo mzima.

Sasa nikifikiri, ile ndiyo ilikuwa ripoti yako ya kwanza ya ukaguzi, na ilikuwa sahihi kabisa. Ulipima, ukasema ulichokikuta. Nikakufanya uifute. Na unajua mwisho wake: mjomba hakuigusa tena ile friji, maana sote tulimwambia iko sawa. Mwezi uliofuata alihifadhi nyama humo na nyumba nzima ikaugua tumbo.

Kwa hiyo nisikilize vizuri. Kupiga magoti kwa kusalimia, endelea nako. Ukifika kwa Hajji na mama wakubwa wa pale Koboko, piga magoti, uliza habari za nyumbani, pokea mkono kwa mikono miwili. Hayo ni mazuri na ni yetu. Lakini ukimaliza kusalimia, simama, kung'uta vumbi la magotini, ukague. Hakuna mashine inayokaguliwa kwa magoti, isipokuwa kama skrubu imeangukia chini yake.

Na mimi nina haki gani ya kuogopa kukaguliwa? Ngoja nikukumbushe kisa cha kumbikumbi, maana najua baba yako hukusimulia vibaya ili nionekane mjinga zaidi. Nilikuwa mjinga wa kutosha, hana haja ya kuongeza.

Mama Letaru, yule aliyekuwa akiuza samaki wa ziwani Panyimur hapa Arua, alikuwa na chumba baridi nyuma ya duka, na mimi ndiye niliyekitunza. Mvua zilipoanza mashine ikawa inazimika mchana. Nikaja, nikashika bomba kwa mkono, nikasema kama mtu anayejua, "Gesi imepungua." Sikufunga geji. Geji ilikuwa sandukuni, Ayikoru, hatua chache kutoka nilipo, na sikuifunga. Nikaongeza gesi nikaenda zangu. Siku chache baadaye akaniita tena. Nikaongeza tena.

Mlinzi wa pale, Mzee Draku, alikuwa mtu wa ukarimu sana. Kila nikija alinikaribisha kumbikumbi waliokaangwa na chumvi, sahani imejaa. Nilikaa kwenye kreti la soda mbele ya ile mashine inayounguruma kwa joto, natafuna, namsifu. Nikamuuliza, "Mzee, mwaka huu unawapata wapi wengi namna hii?"

Akanyoosha kidole kwenye mashine yangu. "Hii ya wewe, Mama Fundi! Iko na nguvu sana! Mimi naweka taa hapa juu, kumbikumbi inakuja, feni inavuta yote, inashika hapa kwa hii wavu. Mimi napanguza na fagio tu, naweka kwa beseni. Mungu akubariki na hii mashine!"

Hapo ndipo sahani ikaniponyoka. Nilifungua mfuniko. Mbele alikuwa amefagia vizuri, mzee wa watu, lakini ndani, katikati ya mapezi ya kondensa, vile vibati vyembamba vinavyotoa joto nje, mabawa yalikuwa yamejaa kama pamba ya godoro. Mashine ilikuwa haipumui. Gesi haikuwa imepungua hata kidogo. Mimi ndiye niliyeijaza kupita kiasi, mara mbili, na kompresa ilikuwa inakufa taratibu huku nimekaa mbele yake nakula ushahidi.

Ilikufa jioni ile. Samaki wa Mama Letaru tuliwatoa wote, tukawasha moto uani, tukaanza kuwabanika sote, mimi na yeye na Mzee Draku, macho yanatoka machozi kwa moshi. Nilikuwa na nafasi ya kusema ni umeme. Hapa Arua kila kitu ni umeme, na hakuna mtu angebisha. Lakini nilimtazama yule mama akigeuza samaki kwa mkono ulioungua, nikamwambia: "Mama, kosa ni langu. Sikupima."

Alimaliza kumgeuza yule samaki. Kisha akasema, "Ile mafundi ingine yote inasema umeme, umeme. Wewe unasema mimi. Basi utabaki fundi yangu." Akanipa samaki mwingine nimgeuze.

Tangu siku ile sijawahi kushika bomba kwa mkono nikasema nimepima. Na ndiyo maana ulipokuja likizo kutoka Kampala na kile kitabu cha viwango vya ukaguzi, nikakiiba usiku mmoja ukiwa umelala. Ulidhani nimekichukua niweke chini ya mguu wa meza, usikatae, nilikuona ukikitafuta pale. Nilikuwa nakisoma! Nilisoma polepole, kidole kwenye mstari, na kila ukurasa nilikuwa napiga meza. Kinasema ujue kila mashine uliyonayo na mahali ilipo. Kinasema uamue mapema hali gani haikubaliki, kabla hujafika mbele ya mwenye mali akaanza kukubembeleza. Kinasema upime, uandike ulichokipima. Na kinasema kitu ambacho kingeniokolea kompresa ya Mama Letaru: ukikuta shida ile ile inarudi, usiitibu tu ukaondoka, tafuta inakotoka, na uje kukagua mapema zaidi kuliko ulivyopanga.

Kumbikumbi hawamo mle. Nimewatafuta. Waliokiandika hawajawahi kuwala, masikini wa Mungu. Lakini kitabu kimewaachia nafasi, ndiyo raha yake: kinakwambia tazama mahali ulipo. Kwa hiyo Koboko mvua zikianza, wewe usingoje tarehe ya karatasi. Nenda kila asubuhi, tazama taa za walinzi ziko wapi, na ukikaribishwa sahani, kwanza uliza wametoka wapi. Halafu kula. Ni watamu.

Hajji naye atakukaribisha. Ni mtu mwema, lakini ana haraka, na mtu mwema mwenye haraka ni mgumu kuliko mkorofi. Ataagiza chai na chapati, atakuita binti yangu, atasema, "Hii ya mama yako hakuna haja kuangalia, mama yako iko fundi kubwa, wewe weka sahihi tu tufungue." Na wewe utaona ni heshima mbili kwa mpigo, yake na yangu, na mkono wako utakwenda kwenye kalamu. Mwambie chai utakunywa ukimaliza. Mwambie mama yako ndiye aliyesema.

Ukitia sahihi bila kutazama, hunilindi mimi. Chumba kikiharibika na nyama ya watu na dawa za watoto wa watu zimo ndani, jina litakaloanguka kwanza ni lako, nalo bado ni jipya, halijakomaa. Langu limeshaanguka, likaokotwa, likapanguswa moshi wa samaki, linajua kuamka.

Nilivifunga vile vyumba kwa moyo wangu wote, hilo nataka ulijue. Nilipima mabomba kwa presha, nikayanyonya hewa yote kabla ya kutia gesi, na gesi yenyewe niliipima kwa mizani. Mashine za nje nilizipandisha juu ukutani, mbali na taa yoyote, na Hajji akaniuliza kwa nini, nikacheka tu. Lakini kazi niliyoiacha siyo utakayoikuta. Malori ya Oraba yanatimua vumbi kutwa, panya wa Koboko wana meno kama wa kwingine, na raba ya mlango haijui kwamba ilifungwa na mama yako. Pengine pia nilikosea mahali tangu mwanzo. Mchana wote nimekuwa nikijiuliza ni wapi, na nimepata sehemu kadhaa zinazonitia wasiwasi, na sikuambii hata moja. Nikikuambia pa kutazama, nitakuwa nimejikagua mwenyewe kwa macho yako. Tazama kote.

Unajua nilivyo na hamu? Hakuna fundi mwingine Arua nzima ambaye kazi yake itakaguliwa na mtoto aliyemzaa! Nimemwambia muuza vipuri, nimemwambia mchungaji, nimemwambia hata mteja aliyekuja kulalamika, akasahau malalamiko yake. Ningependa nijibanze nyuma ya makreti ya samaki nikuone ukifunga geji, ukikunja uso kama unavyoukunja ukisoma namba ndogo. Nimekuwa kama msichana anayengoja matokeo ya mtihani, na msahihishaji nimemnyonyesha mwenyewe.

Kwa hiyo ukikuta pazuri, andika pazuri, usinipambe. Ukikuta pabaya, andika pabaya, na mahali palipoandikwa aliyefanya kazi andika jina langu lote, kwa herufi zinazosomeka. Kisha nipigie simu. Usimtume baba yako, atakohoa tu. Nipigie wewe, useme, "Fundi, njoo urekebishe." Mbele ya Hajji na vijana wake usiniite mama, nitalegea. Niite fundi, nami nitakuitikia mkaguzi, nitapanda ngazi, nitafanya utakaloniambia, na wewe utakagua tena mpaka uridhike.

Nasikia sauti ya shangazi yako barabarani, bado anaimba sehemu ya soprano ambayo si yake. Mnakaribia. Nitaiweka barua hii kwenye sanduku la vifaa, chini ya geji zangu. Ndiyo, nimekuwekea geji zangu, zile nzuri. Zako nimezitoa, nitabaki nazo mimi. Usizirudishe, na usilie juu yake, zinaingia kutu.

Jambo la mwisho, na hili usimsomee baba yako. Usinitafutie kosa lisilokuwepo, hiyo itakuwa sahihi ya uongo kama ile nyingine. Lakini nimeomba leo, na nimeomba vibaya, mimi fundi mzima: nimeomba ukute kitu. Kidogo tu, raba imelegea, skrubu imepotea, kitu cha nusu saa. Maana kazi ikiisha jioni gari la kurudi Arua litakuwa limeshaondoka, na itabidi nilale kwako, na mlango wako ukishafungwa utaniita mama.

Mama yako,
Fundi